Kivuli Ndani ya Ngozi: Jinsi Sindano Inavyoamua Sura ya Mchoro

Katika mazungumzo haya twakusudia kueleza kazi moja ya ufundi ambayo watu wengi huiona kwa macho, lakini ni wachache waujuao undani wake. Kazi hiyo ni kutia wino ndani ya ngozi ya mwanadamu. Katika Kiswahili cha wazee huitwa kutoja, na alama zake ni matojo; vijana wa mijini siku hizi huziita tatuu. Hatuji hapa kumshawishi mtu ajitoje, wala kumkataza. Shauri hilo ni la mtu mzima mwenyewe, pamoja na dini yake na watu wake. Twataka kujibu swali moja tu: fundi hupataje kivuli?

Kwani mstari si kazi kubwa. Mstari hata mwanafunzi aweza kuuchora. Lakini kivuli, yaani ule weusi uanzao mzito kisha ukafifia kidogo kidogo hata ukapotea katika rangi ya ngozi, ndicho kipimo cha fundi. Kwa kivuli, uso uliochorwa huonekana una mashavu, wingu huonekana limejaa maji, na samaki huonekana ana ubavu wa mviringo. Pasipo kivuli, vyote hivyo hubaki bapa kama ramani. Tena penye kivuli ndipo penye hatari, kwa sababu hapo sindano hupita mara nyingi mahali pamoja. Karatasi iliyoharibika hutupwa; ngozi iliyoharibika mtu huenda nayo maisha yake yote.

WINO HUKAA WAPI

Kabla ya kusema habari za sindano, yafaa tujue kwanza ngozi yenyewe ni kitu gani. Ngozi yetu ina tabaka mbili zilizo kubwa. Tabaka ya juu ni nyembamba mno. Isipokuwa katika kiganja na wayo, unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Tabaka hii haikai. Kila siku hupukutika kidogo kidogo, na nyingine huota kutoka chini, hata baada ya mwezi mmoja au zaidi yote huwa imebadilika. Chini yake ipo tabaka ya pili, nene zaidi, yenye nyuzi imara, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Hii haipukutiki. Chini ya hiyo tena yako mafuta.

Wino unaodumu ni ule uliofika katika tabaka ya pili, nao hukaa kina cha milimita moja hadi mbili hivi. Sindano isipofika hapo, wino hubaki juu, na ngozi ya juu ipukutikapo, wino huenda pamoja nayo, na mchoro huwa na mapengo. Sindano ikipita kiasi, wino huingia katika mafuta, ukatawanyika kama wino uangukao juu ya karatasi ya kukaushia, na pembeni mwa mchoro hutokea ukungu wa buluu usiofutika.

Labda mtu atauliza: kwa nini mwili hauutoi wino huo, na hali ni kitu kigeni? Jibu ni kwamba mwili hujaribu sana. Katika damu na nyama zetu zimo seli walinzi, ambazo kazi yake ni kumeza uchafu uingiao. Hizo huzimeza punje za wino. Lakini punje ni kubwa, nazo haziwezi kuziyeyusha, basi hukaa nazo tumboni. Mwaka 2018 wataalamu wa Marseille, katika Ufaransa, waliwachunguza panya, wakaona kwamba seli hizo zifapo huziachia punje zao, na seli nyingine changa huzidaka pale pale. Kwa hiyo wino hudumu kwa kurithishwa kutoka mlinzi hata mlinzi, katika mahali pale pale.

Angalieni basi shida ya fundi. Mpiga rangi ukutani, akitaka weusi hafifu, hupaka rangi nyembamba. Fundi wa kutoja hawezi kupata weusi hafifu kwa kuchoma juu juu, kwa maana wino wa juu juu hautadumu. Wino wake wote, mzito na hafifu, lazima ukae katika tabaka ile ile moja, nyembamba kuliko ganda la muwa. Kivuli hakitoki katika kina. Kitatoka wapi?

KIVULI NI NAFASI

Chukueni gazeti la zamani lenye picha, mkaitazame picha hiyo kwa kioo cha kukuzia. Mtaona kwamba hapana rangi ya kijivu ndani yake hata kidogo. Ziko nukta nyeusi tu na karatasi nyeupe. Penye giza, nukta ni kubwa, nazo zimesongamana. Penye mwanga, nukta ni ndogo, na weupe umezizunguka. Jicho, likitazama kwa mbali, huchanganya weusi na weupe, likadhani kwamba limeona kijivu.

Kivuli katika ngozi hufanywa vivyo hivyo. Kila pigo la sindano huacha nukta moja. Nukta zikisongamana, ngozi huonekana nyeusi; zikiachana, huonekana kijivu; zikiachana zaidi, huonekana kama vumbi. Fundi mwema huhesabu nafasi anayoiacha kuliko wino anaoutia, kwa sababu ngozi tupu katikati ya nukta ndiyo mwanga wa mchoro wake.

Tutoe hesabu ndogo. Tuseme sindano moja ya mtambo wa umeme hupiga mara 100 katika sekunde moja. Mkono wa fundi ukienda sentimita 5 kwa sekunde, nukta zile 100 zitatandazwa katika sentimita 5, yaani nusu milimita kutoka nukta hata nukta, na jicho litaziona moja moja kama punje za mchanga. Mkono ukienda sentimita 1 kwa sekunde, nafasi itakuwa sehemu ya kumi ya milimita tu. Hapo nukta zitagusana na kuwa weusi mmoja. Mtambo ni ule ule, sindano ni ile ile, wino ni ule ule. Mwendo wa mkono peke yake umegeuza usiku kuwa jioni.

Ipo njia ya pili, nayo ni maji. Fundi huweka vikombe vidogo vitatu au vinne mbele yake. Cha kwanza kina wino mtupu, na vinavyofuata vina wino uliozimuliwa kwa maji safi, kila kimoja chepesi kuliko mwenziwe. Hapo kila nukta yenyewe hubeba punje chache za weusi. Lakini njia hii haiondoi ile ya kwanza. Wino mwepesi uliotiwa kwa mkono usiotulia huacha mabaka.

Njia ya tatu ni sindano zenyewe: idadi yake, unene wake, na jinsi zilivyopangwa. Hii ndiyo tutakayoieleza kwa urefu.

CHOMBO HUACHA SAHIHI YAKE

Wazee wetu walikwisha kujua kwamba chombo huamua sura ya alama. Wamakonde wa uwanda wa juu wa Mueda, katika Msumbiji, na jamaa zao wa Newala, upande wa Tanzania, walikuwa mashuhuri kwa matojo ya uso na ya mwili. Fundi wao hakuchoma, bali alikata kwa kisu kidogo, kisha akasugua ndani ya mikato makaa yaliyotengenezwa kwa mbarika. Na kazi hurudiwa zaidi ya mara moja hata alama ikakolea buluu nzito. Kwa kuwa kisu hukata, ngozi hupona kwa kovu, na alama haionekani tu, bali pia huguswa: kidole kikipita juu yake husikia mwinuko. Siku hizi matojo hayo huonekana zaidi katika nyuso za wazee.

Mbali sana na hapa, katika visiwa vya New Zealand, Wamaori nao walitumia patasi ndogo za mfupa, wakazipiga kwa kigongo hata uso ukachimbwa mifereji. Sindano za chuma zilipowafikia katika karne ya 19, michoro iliweza kubaki ile ile, lakini uso haukuwa na mifereji tena; ulikuwa laini. Huko Samoa chombo kilikuwa kama chanuo la mfupa au pembe ya nguruwe dume, lenye meno makali, lililofungwa katika mpini na kupigwa kwa kijiti. Fundi wa Samoa alikuwa na machanuo ya upana mbalimbali: jembamba la mistari na nukta, na pana sana la kujazia weusi. Katika lugha yao kazi hiyo huitwa tatau, na katika lugha za visiwa hivyo vya bahari ya Pasifiki ndimo lilimotoka neno ambalo ulimwengu wote walitumia leo.

Basi twaona jambo moja lililo wazi. Kisu huacha mwinuko. Patasi huacha mfereji. Chanuo pana huacha weusi uliojaa. Ncha moja huacha nukta. Kivuli kinachofifia polepole, hata hivyo, hakikuwa shabaha kubwa ya kazi hizo. Uzuri wake ulikuwa katika mpaka mkali baina ya weusi na ngozi. Kivuli kilitafutwa sana mahali pengine, nako ni Japani.

MAFUNDI WA JAPANI

Katika mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, walikuwako wachongaji wa vibao vya kupigia picha chapa. Mwaka 1827 mchoraji Utagawa Kuniyoshi alianza kutoa picha za mashujaa wa hadithi moja ya Kichina, na wengi wao aliwachora wana joka, maua na mawimbi katika miili yao. Watu wakapenda nao kuwa na miili kama hiyo. Katika Kijapani neno la kuchonga mti na neno la kutoja ni moja, na mambo mengi ya chapa yaliingia katika ngozi. Mpiga chapa alipotaka mbingu iliyo nzito juu na hafifu chini, alifuta wino juu ya kibao kwa maji na brashi, na kufifiza huko kuliitwa bokashi. Fundi wa kutoja naye hukiita kivuli chake bokashi.

Lakini yeye hana brashi. Chombo chake ni mpini mrefu wa mwanzi au wa mti, na katika siku zetu wa chuma pia, wenye sindano zilizofungwa katika ncha yake. Za mistari ni chache, zimebanwa pamoja. Za kivuli ni nyingi, zimepangwa safu kama meno ya chanuo, pengine safu juu ya safu. Fundi huivuta ngozi ikazike kwa mkono wa kushoto, huulaza mpini juu ya kidole gumba chake, na kwa mkono wa kulia husukuma kwa mwendo ulio sawa, akiinua ncha kidogo kila inapotoka. Akisukuma kwa nguvu na karibu karibu, weusi hukolea. Akilegeza mkono na kuachanisha mapigo, weusi hufifia. Kwa kuwa sindano za safu zimeachana kidogo, hakuna pigo moja liachalo shimo kubwa. Hivyo bokashi nzuri haina punje ya kuonekana. Ni kama moshi uliotanda.

Kazi hii ni ya polepole. Mgongo mzima huchukua vikao vingi, miezi na pengine miaka. Serikali ya Japani iliipiga marufuku mwaka 1872, ikaachiliwa tena mwaka 1948. Lakini hata wakati wa marufuku mafundi hawakukoma, na mabaharia na wageni wa kutoka Ulaya walikuwa wameisha kuwajua. Mwana wa mfalme wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa Mfalme George wa Tano, alitojwa joka mkononi alipofika Japani mwaka 1881.

MTAMBO WA UMEME

Huko Marekani ufundi ulishika njia nyingine. Mwaka 1876 Thomas Edison alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa kalamu ya umeme. Kalamu hiyo ilitoboa karatasi vitundu vingi vidogo, ili wino upitishwe humo na barua moja itolewe nakala nyingi. Fundi mmoja wa kutoja wa New York, jina lake Samuel O'Reilly, aliona kwamba kinachotoboa karatasi chaweza kutoboa ngozi. Mwaka 1891 naye akapata hati yake, na tangu hapo kazi ya mkono ikapata mwendo wa umeme.

Mtambo hukimbia, na mbio zake zina faida na hasara. Faida ni kwamba kila pigo ni sawa na lenzake. Hasara ni kwamba sindano isiyofaa sasa hukosea mara 100 katika sekunde. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Lakini katika kazi hii asiyechagua sindano si fundi.

AINA ZA SINDANO NA ALAMA ZAKE

Sindano za kazi hii si tupu kama za daktari. Hazina tundu la kupitisha dawa. Ni pini imara, na unene wake mara nyingi ni kati ya robo milimita na milimita 0.35. Hufungwa kadhaa pamoja, na wino hushikwa katikati yake kama maji yanavyoshikwa katika nywele za brashi. Huu ndio ufunguo wa mambo yote: nafasi kati ya sindano ni ghala ya wino, na pia ndiyo nafasi kati ya nukta na nukta.

Fungu la kwanza ni la mviringo lililobanwa. Sindano tatu, tano au zaidi hukazwa ncha zake zikaribiane kuwa kama ncha moja. Hili ni la mistari. Mtu akilitumia kujazia kivuli, kila mpito huacha mfereji mwembamba mweusi, na kivuli chake huonekana kama shamba lililolimwa kwa matuta. Naye akitaka kuyafuta matuta hayo, hurudia tena na tena, na ngozi huchanika.

Fungu la pili ni la mviringo lililolegea. Ncha zake zimeachana kidogo. Hili hufaa kwa vivuli vidogo, kama pembe ya jicho au ukunjo wa jani, na kwa kivuli cha chembechembe. Fundi huligusisha ngozini penye giza, kisha hulivuta kwa haraka kuelekea penye mwanga, huku akiliinua, kama mtu apunguzavyo mchele katika ungo kwa kuurusha. Mwanzo wa mvuto nukta husongamana. Mwisho wake hutawanyika. Kivuli hiki kina punje zionekanazo, nacho hupendwa kwa sababu hakijifichi: ni kama pilipili manga iliyonyunyizwa.

Fungu la tatu ni la safu mbili. Tuseme safu moja ina sindano nne na ya pili ina tatu, zimepishana ili kila moja ya safu hii ikae mkabala wa nafasi ya safu ile. Hili ndilo jamaa ya karibu ya chombo cha Kijapani. Upana wake hujaza mahali pakubwa kwa mipito michache, na kwa kuwa sindano zimeachana, nguvu ya mkono hugawanyika. Fundi hulizungusha kwa duara ndogo ndogo, akipanda na kushuka kama pembea, na kivuli hutoka laini kama hariri. Tena lipo lile ambalo safu zake zimepindwa kama upinde, ncha za pembeni zikiwa fupi kuliko za katikati. Sababu ni hii: mwili si meza. Katika bega na mbavu, safu iliyonyoka huchimba kwa pembe zake na kuacha mistari miwili pembeni. Iliyopindwa huiacha pembe ipite juu juu.

Kuna jambo jingine dogo, nalo ni urefu wa ncha. Ncha iliyochongwa ndefu na nyembamba hufanya tundu dogo na kutia wino kidogo kwa kila pigo. Hiyo hufaa kwa kivuli hafifu. Iliyochongwa fupi hufungua tundu kubwa zaidi na kutia wino mwingi. Hiyo hufaa kwa kujaza weusi mtupu. Fundi anayetumia ncha fupi katika shavu la sura iliyochorwa atapata giza pale alipotaka haya.

SINDANO MOJA YA LOS ANGELES

Msidhani kwamba sindano nyingi ndizo bora siku zote. Katika magereza ya California, ambako vyombo vya kutoja vilikatazwa, wafungwa, wengi wao wenye asili ya Meksiko, walijitengenezea mitambo kwa mota ndogo ya chombo cha kupigia kanda na uzi wa gitaa walioukata ukawa sindano. Sindano ilikuwa moja tu, na wino ulikuwa mweusi tu. Kwa umaskini huo walilazimika kujaza kivuli kwa nukta na vistari vyembamba mno, tabaka juu ya tabaka, kwa mkono mwepesi. Wakatokeza picha za watakatifu na za mama zao zilizofanana na picha za kamera.

Mwaka 1975 Charlie Cartwright na Jack Rudy walifungua duka lao upande wa mashariki wa Los Angeles, na mwaka 1977 wakamwajiri Freddy Negrete, aliyekuwa amejifunza kazi hiyo kifungoni. Kutoka humo mtindo wa weusi na kijivu uliotokana na sindano moja ulienea duniani. Japani walipata ulaini kwa wingi wa ncha. California waliupata kwa wembamba wa ncha. Wote wawili walikwenda kwenye jambo moja: kutawala nafasi kati ya nukta na nukta.

NGOZI NYEUSI NA HATARI YA KUZIDISHA

Sasa twafika katika neno linalotuhusu sisi zaidi. Weusi wa ngozi yetu hukaa katika tabaka ya juu, na wino uliotiwa hukaa chini yake. Kwa hiyo twautazama wino kupitia rangi ya ngozi, kama mtu atazamaye kwa kioo cha rangi. Kijivu hafifu sana, ambacho katika ngozi nyeupe huonekana kama moshi, katika ngozi nyeusi huweza kupotea kabisa. Fundi asiyejua hili huona kwamba kivuli chake hakionekani. Akarudia, akarudia tena, akabonyeza zaidi.

Hapo ndipo hasara huingia. Ngozi iliyopigwa mno huvimba, hutoa maji na damu, na hukataa wino. Ikipona huweza kufanya kovu. Na yajulikana kwamba watu wenye ngozi nyeusi hupata zaidi yale makovu yanayofutuka na kukua kupita jeraha lenyewe, yanayoitwa keloidi. Wengi wenu mmeyaona katika masikio yaliyotogwa au katika mabega. Kivuli kilichokusudiwa kuwa laini kama hariri huwa kamba nene juu ya mwili.

Fundi ajuaye kazi hafuati njia hiyo. Hutumia fungu la safu lililolegea, hupita mara chache, na huacha sehemu pana za ngozi tupu, ili rangi ya mtu mwenyewe iwe ndiyo mwanga. Hatua zake kutoka weusi hata wepesi ni kubwa na dhahiri, si nyingi na hafifu. Tena hukumbuka kwamba mchoro mpya hudanganya: siku ya kwanza huonekana mweusi kuliko utakavyokuwa baada ya ngozi kuota juu yake. Na miaka ipitapo, nukta hupanuka kidogo kidogo. Nukta zilizosongamana mno leo zitakuwa doa moja kesho. Zilizoachiwa nafasi zitakutana polepole na kubaki kivuli.

Kuna na hatari ya ugonjwa. Sindano iliyoingia katika mwili wa mtu mmoja hubeba damu yake, ijapokuwa haionekani. Homa ya ini ya aina ya B na C huambukizwa kwa njia hiyo, na magonjwa mengine mabaya pia. Mafungu ya sindano nyingi ni mabaya zaidi, kwa kuwa damu hujificha katika zile zile nafasi zinazoshika wino, wala kuyafuta kwa kitambaa au kuyachoma kwa kiberiti hakutoshi. Sindano yapasa kuwa mpya kwa kila mtu, itolewe katika pakiti iliyofungwa mbele ya macho yake, kisha itupwe. Vyombo visivyotupwa husafishwa kwa mvuke wa nguvu wenye joto la digrii 121. Na wino wa kalamu, masizi ya taa au unga wa betri visitiwe kamwe katika ngozi ya mtu.

JARIBIO KWA WANAFUNZI

Mwanafunzi atakaye kuyaona haya kwa macho yake asiguse ngozi ya mtu wala yake mwenyewe. Atwae ndizi mbivu ya manjano isiyo na madoa, na mwiba mmoja mkali. Achome ganda kidogo tu, nukta nyingi karibu karibu upande mmoja, na kadiri aendeleapo aziachanishe. Kisha afunge miiba mitano pamoja kwa uzi, ncha zikiwa zimeachana, akachome vivyo hivyo mahali pengine. Mwisho, arudie kuchoma mara nyingi sana mahali pamoja padogo.

Aiweke ndizi hiyo muda wa saa moja au mbili. Mahali palipochomwa patageuka kuwa hudhurungi, kwa sababu maji ya ganda hubadilika rangi yakutanapo na hewa. Ataona kivuli kikififia kutoka giza hata manjano, pasipo kutia wino hata tone moja. Ataona tofauti kati ya kazi ya mwiba mmoja na ya miiba mitano. Na pale alipozidisha hataona kivuli cheusi zaidi, bali ganda lililoraruka na nyama ya ndizi ikitoka nje. Somo la ndizi hiyo ndilo somo la ngozi.

Basi, msomaji, ukikutana na mtu mzima aliyeazimia kutojwa, mwambie aulize maneno matatu kabla ya kutoa mkono wake. Aulize: sindano utakayotumia ni mpya, nayo iko wapi? Aulize: kwa kivuli hiki utatumia fungu gani, na kwa nini? Na aulize: naomba kuona kazi uliyoifanya katika ngozi kama yangu, si ya jana, bali iliyopona na kukaa miaka. Fundi wa kweli atayajibu yote matatu bila kukasirika. Asiyeweza kuyajibu, mkono urudishwe katika shati.